Mwizi wa Upepo wa Sofu

Jamani, nichekeni tu. Nauza maziwa kwa baiskeli hapa Sofu, na wiki nzima kila nikiamka nakuta tairi la nyuma limelegea. Pancha hakuna. Nikajua ni jirani yangu, Mzee Kondo, maana alishalalamika kwamba kengele yangu inamwamsha alfajiri. Hata shikamoo nikaacha kumpa. Nikaenda kumshtaki kwa mjumbe wetu wa mtaa, Mama Rehema.

Jana jioni mjumbe akaja na Mzee Kondo uani kwangu, majirani nao wakajisogeza.

"Una hakika huwa unaiacha ikiwa na upepo?" mjumbe akaniuliza.

"Mama, mimi wa kuulizwa hivyo? Kila jioni najaza mwenyewe, na kabla ya kulala lazima nihakikishe bado upo."

"Unahakikishaje?"

Nikachuchumaa kwa madaha, nikalegeza ile nati ndogo ya pale pa kujazia. Fsss! Nikalegeza tena, na wa nyuma wasikie. Fssssss!

"Mmesikia?" nikasema, nikimkodolea macho Mzee Kondo. "Upepo upo!"

Mzee Kondo akaliminya tairi kwa kidole gumba, likabonyea.

"Ulikuwepo, mwanangu," akasema.