Rula ya Mwalimu wa Neema

Jamani, leo nimeficha mikono mgongoni kama mtoto, na umri huu!

(Anayeniandikia ni binti yangu.)

Niliitwa shuleni hapa Njoro kwa ajili ya mjukuu wangu Neema. Ana disleksia: akili anayo, ila herufi zinamchanganya.

Mwalimu akamwambia asome.
Neema akakwama.
Mwalimu akachukua rula.

Mikono yangu ikakimbilia mgongoni. Enzi za Ujamaa, darasa la tatu kule Kilema, nilikuwa nakwama hivyo hivyo, na rula ilitua kwenye vidole vyangu.

"Usimpige!" nikapiga kelele.

"Simpigi, bibi."

Akailaza chini ya mstari mmoja. Neema akausoma, polepole, mpaka mwisho.

Njiani nimenunua rula, nami nijaribu kusoma. Iko juu ya gazeti.

Naogopa kuishika. Kuna mwenzangu?