Santuri Tuliyoililia Koekelberg

Jamani, mpaka sasa mwili unanisisimka. Wiki iliyopita, kazini Jette, hapa Brussels, mwenzangu mmoja wa Ayalandi aliweka wimbo kwenye simu wakati wa mapumziko: sauti ya mwanamke peke yake, hakuna gitaa, hakuna ngoma. Kikombe kilinitoka mkononi. Wimbo ule naujua tangu utotoni. Na yeye alikuwa anacheka! Nikamuuliza kinachomchekesha ni nini. Eti ni wimbo wa utani wa kwao: mzee anamlilia jogoo wake aliyeliwa na mbweha.

Jogoo!

Nikueleze, rafiki yangu. Nilikulia mtaa wa Koekelberg na koko, mama mzazi wa mama yangu. Mama alitufia njiani tukikimbia vita Kivu. Hatukumzika, hatukukaa matanga. Tangu tufike Brussels koko hakuwa amelia hata chozi moja. Alipika sombe, yale majani ya muhogo, akafua, akasali, lakini yeye mwenyewe hakula, alikonda tu, nami usiku niliogopa kwamba atanifia na yeye.

Jumapili moja, tumetoka misa, sauti ile ikapenya ukutani kutoka kwa jirani, maman mzee wa Ayalandi. Ilipanda taratibu, ikatetemeka, ikalizungukazunguka neno moja mpaka ukadhani pumzi itamwishia mwimbaji. Koko akaacha mwiko.

"Pale kuna kilio," akasema. "Alors, tutakaa hapa tu, kama watu hawana adabu?"

Akajifunga kitenge, akabeba sufuria ya maharagwe, mimi nikapewa mkeka na chupa ya chai.

Jirani alifungua mlango, na kabla hajamaliza bonjour koko alikuwa ameshaketi sakafuni, analia kwa sauti, anamwita mama yangu kwa jina. Niliona aibu, we! Hapakuwa na maiti wala waliofiwa. Palikuwa na santuri inazunguka. Nikajua tutafukuzwa. Wapi! Maman yule alishuka sakafuni na magoti yake mabovu, akamshika koko mkono, akawa anauzungusha polepole kufuata sauti, kama wafanyavyo kwao mtu anapoimba.

Basi ikawa kila Jumapili: maharagwe, chai, santuri ileile. Koko alishajua mwimbaji anavuta pumzi wapi, na hapo aliitikia, "Ee, mama!" kama tunavyomtia moyo mwenye kulia. Tukirudi nyumbani alikula, akanitania, akalala.

Wote wawili wametutoka siku nyingi. Juzi nilipita pale. Dirishani kuna pazia la watu nisiowajua, na ukutani hakuna tena cha kusikia. Kinachonitikisa ni kwamba jirani alielewa kila neno. Miaka yote ile, jogoo na mbweha, na hakutabasamu hata mara moja!

Kuna siku nilimuuliza kwa Kifaransa wimbo unasema nini. Alimtazama kwanza koko mwenye macho mekundu, mkono wa koko bado mkononi mwake. Kisha akanijibu, "Ni mama anamwita mtoto wake arudi nyumbani."

Nikamtafsiria koko. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akanigonga begani.

"Si nilikuambia? Ile sauti ni ya muntu mwenye kupoteza mutoto."