Wiki ya Fundi Kusema

Mama Redio alipoteza sauti Jumapili, kwenye mazoezi ya kwaya baada ya ibada, akishindana na mashine ya kuranda mbao. Karakana ya seremala na kanisa lao vilipakana ukuta kwa ukuta, na seremala siku hiyo alikuwa na milango ya watu ya kumaliza. Mwalimu mwingine wa kwaya angewaambia waimbaji wapumzike mpaka mashine inyamaze. Mama Redio si mtu wa kusubiri. Mashine ikinguruma, naye anapandisha, ikizidi, anazidi. Mwisho wa ubeti walifika pamoja, yeye na mashine, na wote wawili wakazimika. Kesho yake asubuhi alifungua mdomo kumwamsha mumewe, kikatoka kitu kama bawaba iliyokosa mafuta.

Mumewe akakaa kitandani. "Umesemaje?"

Bawaba ikalia tena.

Wawili hawa walikuwa wamisionari, na nchi ile haikuwa yao. Kanisa lao ni la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita la Wamormoni kwa kuwa jina lenyewe refu. Watu wamezoea kuona wamisionari wake wakiwa vijana, wawili wawili, shati jeupe, tai, na beji nyeusi kifuani. Lakini hupelekwa wazee pia, mume na mke, watoto wakishakua na kazi ikishaisha. Mke alikuwa ameuza nguo sokoni maisha yake yote, na sauti aliichonga huko. Mume alikuwa fundi bomba mstaafu. Nyumba yao walimwachia binti yao mkubwa, wakavuka mpaka na masanduku yao, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la rangi. Kazi yao hasa ilikuwa kuwatembelea waumini waliopoa, wale waliobatizwa zamani kisha wakaanza kukosekana.

Kanisani kila mmisionari wa kiume huitwa Mzee, hata yule ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia ya kutokea. Mtu akiita "Mzee" pale ukumbini, vijana waligeuka upesi, na Fundi, ambaye ndiye mzee kweli, alibaki anatazama bomba la dari. Hakuwa bubu, wala hakuwa na kiburi. Ni mtu aliyeishi miaka yake amelala chini ya masinki, mahali ambapo hakuna wa kuongea naye, akapazoea, akapapenda. Nyumbani kazi ziligawanywa tangu harusi: mke aseme, mume abebe. Mpango huo walivuka nao mpaka, na mtaa wa ugenini haukukawia kumpa kila mmoja jina lake.

Daktari wa zahanati alimmulika Mama Redio kooni kwa tochi, akaguna. "Mama, usiongee mpaka Jumapili. Hata kunong'ona usinong'one. Kunong'ona kunaumiza kuliko kupayuka."

Mama Redio akamgeukia mumewe kwa macho ya mtu aliyesomewa hukumu.

"Sasa nani atasema?" Fundi akauliza.

"Kwani wewe, mzee, huna mdomo?" daktari akajibu, huku anaandika dawa.

Njiani walikubaliana ishara. Kofi moja, ndiyo. Makofi mawili, hapana. Makofi mfululizo, umeharibu.

Jumatatu kwao ilikuwa siku ya kupumua: kufua, kudeki, na kuwapigia watoto simu. Siku zote Fundi akipokea husema, "Hamjambo? Haya, mama huyu hapa," kisha huenda kuanua nguo.

"Shikamoo, baba," binti yao akasema. "Mpe mama."

"Marahaba. Mama hawezi."

"Baba, nambie ukweli. Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa. Sauti ndiyo haipo."

"Mpige picha nimwone."

Picha ikapigwa: mama amekaa na kikombe cha maji ya tangawizi, mdomo kaufunga kama mkoba. Binti alipoipata alicheka mpaka akapaliwa. Halafu ikawa kazi, maana baba na binti hawakuwa na desturi ya kuongea wao kwa wao, na hakuna aliyejua pa kukatia. Fundi akauliza habari za tanki la juu. Binti akasema linadondosha. Linadondosha wapi, kwenye maungio au chini? Kutoka kwenye tanki wakafika kwa mjukuu, aliyekuwa ameanza kukojoa kitandani tena baada ya kuhamishwa shule, na Fundi akajikuta anaeleza kwamba na yeye alikuwa hivyo hivyo, na nini kilimsaidia.

"Hujawahi kuniambia," binti akasema.

"Hukuwahi kuniuliza."

Simu ilipokwisha, nguo zote zilikuwa zimenyeshewa kwenye kamba. Makofi yakalia mfululizo.

Jumanne walikwenda kwa mshonaji, mjane mmoja mkarimu aliyekuwa akiwakaribisha kwa mara ya kwanza. Akawaondolea vitambaa kwenye viti, akafunika cherehani, akaja na birika. Hapo ndipo Fundi alipotokwa na jasho, kwa sababu Wamormoni chai hawanywi, wala kahawa. Mama Redio alikuwa na maneno yake ya kulipitisha jambo hilo, marefu na laini, yenye shukrani mbele na nyuma, hata mwenye nyumba akajiona yeye ndiye aliyekataa.

"Hatunywi chai," Fundi akasema.

Mshonaji akasimama na birika mkononi. "Mnaumwa?"

"Hapana. Tumekatazwa."

"Na daktari?"

"Na Mungu."

Mama Redio akafunika uso kwa leso. Mshonaji akalitazama birika, akawatazama wageni, akalitazama tena birika kama limemsaliti. "Na maji je?"

"Maji tumeruhusiwa," Fundi akasema. Kisha akaongeza, "Bomba lako la jikoni linagonga. Nimelisikia." Mshonaji akaangua kicheko, na ziara ikaponea hapo.

Jumatano hakuharibu jambo. Alimwombea mgonjwa kwa sala fupi mno, hata mgonjwa mwenyewe alikuwa bado anatafuta namna nzuri ya kufumba macho ilipofika amina.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu wa rika la binti yao, mcheshi, mwenye kibanda safi cha vioo pande mbili. Alibatizwa angali kijana, akahudhuria kwa bidii, kisha akafungua biashara na kuacha. Mama Redio alikuwa amemshughulikia wiki nyingi. Kila hoja kinyozi alishindwa, na kila aliposhindwa alibaki pale pale. "Jumapili ndiyo siku ya vichwa, mama," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yanaisha.

Siku hiyo hapakuwa na mteja. Akawapa benchi, akaambiwa habari ya koo, akampa pole Mama Redio kwa moyo wote. Halafu akaweka chini kitana alichokuwa anakisafisha.

"Basi leo nimepata nafasi. Mzee wangu, kuna kitu nimetaka kukuuliza siku nyingi. Haya mambo unayaamini wewe, au unamfuata mkeo?"

Fundi alilijua jibu. Kila mtu aliyewahi kukaa na Mama Redio sebuleni alilijua. Kwamba siku moja ya mvua mumewe alikuja kumchukua kanisani, akaisikia kwaya ikiimba, chozi likamtoka, akakaa, na hakuondoka tena. Fundi alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi mno, hata chozi lenyewe alianza kuliona.

"Nilimfuata," akasema.

Makofi mawili yakalia benchini.

"Ngoja kwanza, mama. Ameniuliza mimi." Akavuta pumzi. "Nilimfuata, nikakaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu ya mvua. Wimbo sikuusikia. Nilikuwa nasikiliza mfereji wa paa, walikuwa wameufunga vibaya. Hivyo nikawa naenda, nakaa, narudi. Baadaye nikaanguka kwenye ngazi nikavunjika mguu. Nikalala ndani, na nyumba yetu inavuja. Wakaja wanaume wa kanisani kunitengenezea paa. Karani, mwalimu, na mmoja anauza miwani. Hakuna aliyewahi kushika nyundo. Zamani lilikuwa linavuja jikoni. Walipomaliza, likavuja kitandani kwangu."

Kinyozi akacheka.

"Nikasema, hao ndio basi tena. Mimi ni fundi, nawajua mafundi. Fundi akiharibu kazi humwoni. Ukimpigia, yuko msibani. Ukimpigia tena, simu haipatikani. Lakini wale Jumamosi iliyofuata walirudi. Nyuso chini, aibu tele. Wakabandua yote, wakaanza upya. Na mara ya pili pia kuna mahali walikosea, ila si sana. Mimi nimelala pale na mguu wangu nawatazama, nikaona, mtu anayeharibu kisha akarudi, huyo naweza kukaa naye. Na huyo Mungu wanayemwomba, labda naye si wa kuacha kazi njiani. Nilipopona, nikaenda kwa miguu yangu. Ndiyo hivyo."

Hotuba ndefu kuliko hiyo hakuwahi kuitoa maishani. Ilipokwisha alitazama viganja vyake kama anayetafuta nyingine humo.

Kinyozi akachukua ufagio, akafagia nywele ambazo zilikuwa zimeshafagiliwa. "Umenipa neno, mzee. Lakini Jumapili sifungi."

"Sijakwambia ufunge," Fundi akasema.

Kurudi nyumbani Mama Redio alitangulia mbele. Hakupiga kofi moja, wala mawili. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na kwa nyuma mtu huwezi kujua kama ni kilio, hasira au kikohozi. Ijumaa alipika, akapakua, akamwekea, akawa anamtazama kama mtu waliyewahi kuonana naye mahali asipopakumbuka. Fundi akaona amemnyang'anya kitu. Wimbo ule aliuongoza mkewe. Kwa miaka yote aliamini ndiye aliyemtia mumewe kanisani kwa sauti yake. Jumamosi akajaribu kutengeneza.

"Wimbo nadhani ulikuwa mzuri," akasema.

Makofi mfululizo.

Jumapili mkewe ndiye aliyekuwa amepangiwa kuhutubu, habari ya imani. Rais wa tawi, yaani kiongozi wa kusanyiko lile, ambaye siku za kazi huuza vioo vya madirisha, alimwomba Fundi ashike nafasi. Fundi akapanda na karatasi za mkewe, akavaa miwani, akaugeuza mwandiko huku na huku, akavua miwani.

"Ndugu zangu, mke wangu angewaambia vizuri zaidi," akasema. "Mimi nasema ni kweli. Nimekaa nao, nimeona. Amina."

Akashuka. Rais wa tawi akatazama saa, akaongeza nyimbo, na bado ibada ikaisha mapema. Watoto siku hiyo walimpenda sana Fundi.

Walipomaliza kula mchana, Fundi akiwa anakusanya sahani, nyuma yake kikasikika kitu kama kunguru aliyeamka na mafua.

"Wewe. Wale watu wa paa. Unadhani walirudi wenyewe?"

Sahani nusura zimponyoke. Mama Redio alikuwa amekaa wima, mkono kooni, anayatoa maneno moja moja.

"Nilikwenda dukani kwa yule wa miwani. Nikasimama mbele ya wateja wake. Nikamwambia, mume wangu amelala kitandani na mwavuli, na wewe unaimba haleluya. Nikaenda kwa karani. Nikamfuata mwalimu mpaka darasani, wanafunzi wanasikia. Nikawaambia, msipokuja Jumamosi, Jumapili nitawaombea kwa majina."

Fundi akaziweka sahani chini polepole. "Miaka yote hii hukuniambia."

"Uliwafurahia walivyorudi. Ningeanzia wapi?"

"Na ukawa unawaambia watu habari ya wimbo."

"Si nilidhani ni wimbo. Wewe husemi, mtu atajuaje?"

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyeanza, kicheko cha tumboni, kile ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu mtoto wao wa mwisho alipooa. Naye akamfuata, ameshika koo, maana kila kicheko kilimchoma.

"Kwa hiyo hata hapo nilikuwa nakufuata wewe," Fundi akasema alipopata pumzi.

"Mimi niliita tu. Kuja walikuja wenyewe. Wa miwani si angefunga duka akajificha?"

Fundi alikwenda nalo hilo jikoni, akaoshea nalo vyombo, na alipomaliza alikuwa anaimba chini chini, vibaya, wimbo wa siku ya mvua. Mkewe aliusikia. Hakumsahihisha.

Jumatatu asubuhi, badala ya kufua, Fundi akavaa viatu. "Nakwenda kwa kinyozi. Nilimwambia kitu ambacho si kamili."

"Twende wote," kunguru akasema.

Kinyozi alimkalisha kwenye kiti, akampaka povu, akaanza shavu la kulia. Fundi akamweleza yote, duka la miwani, darasa, maombi ya majina, anasema huku wembe unapita, jambo ambalo si salama. Kinyozi akausimamisha wembe hewani.

"Kumbe walifokewa."

"Walifokewa."

"Mimi nilipoacha kwenda, walinitumia salamu," kinyozi akasema. Akafuta wembe kwenye kitambaa, polepole. "Salamu nzuri tu. Lakini hakuna aliyekuja kunifokea."

Benchi likalia. Mama Redio alikuwa amesimama, beji yake imekaa sawa, mkono mmoja kiunoni. Sauti ilikuwa bado mbovu, lakini ilitosha chumba.

"Basi njoo hapo uketi," akamwambia kinyozi, "tuanzie siku ya kwanza uliyokosekana."

Kinyozi akaketi kwenye kiti cha pili cha wateja, wembe mapajani, amefunga mikono kama mwanafunzi, uso wake una kitu kinachokaribia tabasamu. Wateja wawili walichungulia mlangoni, wakaona mambo, wakaamua kusubiri nje. Na Fundi akabaki ametulia mbele ya kioo, shavu moja limenyolewa na jingine lina povu, hana haraka.