Rahila wa Kojani

Kijakazi alianza siku hiyo kwa furaha ya mtu wa sikukuu. Alifagia baraza ya nyumba yao hapo kisiwani Kojani, akatoa meza, akatundika bango la wakala wa pesa za simu, kisha akakaa na kanga yake mpya kungoja wateja. Mtaji wote aliupata kwa kuuza pweza, na hakuwa na mwingine. Lakini kuanzia leo, wanawake ambao waume zao wamekwenda dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali, hawatalazimika tena kupanda chombo kuvuka ng'ambo kufuata pesa za matumizi.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yake Asya, ambaye mumewe alikuwa dago upande wa Tanga. Kijakazi alimsomea namba ya wakala, Asya akabonyeza, lakini alipotakiwa kutia namba ya siri akasita. Simu ilikuwa ikimwuliza kama anataka kutoa pesa kwa Rahila Hamad Duni.

"Kijakazi, Rahila nani?"

"Mie."

"Weye? Tumeokota makombe pwani pamoja tangu hatujajua kujitanda kanga, leo ushakuwa Rahila?"

Asya alicheka mpaka machozi, lakini hakubonyeza. Redioni walikuwa wakionywa kila siku kuhusu matapeli. Wanawake waliokuwa nyuma yake walichungulia, wakaanza kurudisha simu mikobani. Mmoja alisema heri avuke tu. Kijakazi alitoa kitambulisho. "Picha ni yako," walimkubalia, "ila jina hatulijui."

Wakiondoka hawa, bango halitamletea mtu mwingine. Na aliyeweza kumtolea ushahidi alikuwa ndani: mama yake, Bi Mwanawema. Mama huyo alizika watoto wachanga kabla yake, na yeye alipozaliwa akaitwa Kijakazi, jina la unyonge, ili mauti yasimtamani. Jina halisi liliandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwa hofu ileile Bi Mwanawema hakupata kulitamka mbele za watu. Kijakazi hakuthubutu kumwomba.

Mlango ulifunguliwa. Bi Mwanawema, aliyesikia yote kutoka ukumbini, alisimama kizingitini na tasbihi mkononi.

"Asya mwanangu, Rahila ni huyu. Nilimficha, na Mungu akanibakishia. Basi sasa simfichi tena."

Kijakazi hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti ile. Asya alimtazama mama, akamtazama binti, kisha akatia namba ya siri. Simu ya Kijakazi iliyokuwa juu ya meza ikalia, ujumbe ukaingia, naye akamkabidhi Asya pesa zake.

Simu zilitoka tena mikobani. Bi Mwanawema alivuta kigoda akakaa kando ya binti yake, na kila aliyesita kubonyeza alimwuliza taratibu:

"Wamwogopa Rahila wangu?"