Chewa wa Harusi ya Saumu

Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba ya jirani yangu hapa Kilifi, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina lake. Jirani alikuwa akikaanga mayai ya samaki. Wengi wenu mnaijua harufu hiyo. Ni nzito, ina utamu wa samli inayokaribia kuungua, na yakitiwa bizari na ndimu inakupanda puani mpaka unameza mate hata kama umetoka kula sasa hivi. Nilisimama pale na kapu langu la mboga, na kabla sijajitambua nilikuwa nimerudi kwenye uwanja wetu wa mchanga karibu na Kuruwitu, miaka ya themanini, siku alipoolewa dada yangu Saumu.

Nyumbani tulikuwa watoto wawili tu. Saumu ndiye mkubwa, mrefu, mpole wa sauti, mwenye mikono iliyojua kusuka ukili wa mikeka bila kutazama. Mimi nilikuwa kitinda mimba, mwenye pengo la meno ya mbele na maswali yasiyokwisha. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi. Dau lake alilimiliki pamoja na mdogo wake, Ami Bakari, aliyekuwa na maneno mengi kama Baba alivyokuwa na machache. Na juu ya wote alikuwepo Bibi, mama yao, aliyeitawala nyumba nzima akiwa amekaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi.

Bibi alipenda mayai ya samaki kuliko chochote kilichowahi kuwekwa kwenye sahani. Alisema yanatibu mafua, magoti na usahaulifu. Akipoteza ushanga wake wa kusalia, alitulaumu sisi: ni kwa sababu hatujamletea mayai siku nyingi, ndiyo maana akili imekauka.

Kulaumiwa huko kulimhusu Baba hasa, maana mayai alijua yalipo, na hakuyaleta. Nje ya mwamba, karibu na mlango ambamo maji ya bahari kuu huingia, palikuwa na shimo lenye mapango aliloonyeshwa na marehemu baba yake. Miezi mingi ya mwaka alikuwa akipita hapo akavua chewa mmoja, pengine wawili, akaondoka. Lakini kila joto lilipokuwa kali na bamvua la mwezi mpevu likafika, maji yakijaa kupita kawaida, chewa walitoka kila upande wa bahari wakakusanyika shimoni humo kutaga. Hapo ndipo Baba alipogeuza dau akaenda kutafuta tafi na changu mahali pengine. Ami Bakari alinung'unika njia nzima, lakini Baba ndiye mkubwa, na siri ya shimo ilibaki ya wao wawili.

Nilimwuliza Baba siku moja, naye ananoa ndoana zake barazani, kwa nini hawagusi chewa wakati wamejaa vile.

"Wako harusini, mwanangu," alisema. "Mtu havamiwi akiwa harusini kwake."

Nililifurahia jibu hilo mno. Nikaenda kumhadithia rafiki yangu Mwanajuma kwamba samaki nao huoana. Mwanajuma aliwaza kidogo, akaniuliza ni nani anayewapaka hina.

Sasa, Saumu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Malindi aitwaye Omari, fundi cherehani, mstaarabu, aliyekuwa akija kwetu na kukaa na soda yake mkononi mpaka ikawa moto kwa haya. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mvua. Kisha Omari akapata kazi Uarabuni, na ikabidi wamwoze haraka kabla hajasafiri, katikati ya lile joto. Omari mwenyewe hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Zuhura. Ulimi wake ulikuwa maarufu kutoka Malindi hadi Mambrui. Ilisemekana alikwenda harusi moja Watamu, wali ukawa umepondeka kidogo, na mwaka mzima hakuna aliyekutana naye sokoni asielezwe habari za wali ule. Bibi hakuwahi kumwona, lakini alikuwa akimwogopa kama mtu anavyoogopa daktari wa meno.

Kwa upande wa kitoweo hatukuwa na wasiwasi. Rafiki wa Baba, Mzee Kahindi, mkulima wa huko bara upande wa Ganze, alikuwa ameahidi fahali. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imekosa, na malisho yalikauka hadi mizizini. Zikiwa zimebaki siku chache, Mzee Kahindi alifika kwetu kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, amebeba kuku wawili waliofungwa miguu. Alikaa mkekani akaanza kusema, akashindwa. Mama alimpa maji. Alipoyanywa alisema, "Ali, ndugu yangu, ng'ombe wameisha. Fahali wako alikuwa wa mwisho kuanguka." Baba alimshika mkono, wakakaa hivyo, na wale kuku wakitutazama.

Jioni hiyo Bibi aliacha kukuna nazi, jambo ambalo lenyewe lilitutisha.

"Ali, watu wa Malindi watakula nini?"

"Mungu atatujalia, Mama. Nitakwenda baharini."

"Baharini umekwenda wiki nzima, umeleta tafi wa kutoshea kikaango kimoja. Bi Zuhura nitamwekea tafi mmoja mbele yake na watu kumi nyuma yake wakisubiri mifupa?"

Ami Bakari, ambaye hakuwahi kunyamaza maishani mwake, aliangalia vidole vya miguu yake.

"Samaki unajua walipo," Bibi alisema, sauti imeshuka.

"Wana mayai sasa, Mama. Wote wamo humo. Marehemu alinikataza."

"Marehemu alikuwa mume wangu, alinikataza mengi. Saumu ataolewa mara moja, inshallah. Chewa wapo kila mwaka."

Saumu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akisuguliwa mwili kwa singo na kungwi wake. Sijui kama alisikia. Nakumbuka Baba aligeuza uso akaliangalia lile pazia muda mrefu, kisha akainuka akaenda kutazama mishipi yake.

Waliondoka alfajiri, wakarudi jua likiwa utosini. Tulikuwa ufuoni wanawake na watoto, na dau lilipokaribia niliona limezama hadi karibu na ukingo, linakuja polepole kama mja mzito. Ami Bakari alikuwa amesimama mbele akiimba. Chewa walikuwa wengine wakubwa kuliko mimi, wenye madoadoa ya kahawia, midomo wazi, matumbo yamejaa. Watu walikuja mbio. Wazee walimpa Baba hongera, kina mama wakapiga vigelegele, nami nilikuwa nikirukaruka nikimwambia kila mtu huyo ni baba yangu, kana kwamba hawamjui.

Jambo moja niliona nisilielewe. Vijana wenye madau yao hawakuwatazama samaki kwa muda mrefu. Walitazama kule dau lilikotokea, wakapima kwa macho ule mlango wa mwamba, wakasemezana chini kwa chini.

Mama na shangazi zangu walipasua samaki hapohapo kwenye majani ya mnazi. Kila tumbo lililofunguliwa lilitoa vifuko viwili vya manjano, vimeungana kama miguu ya mtoto aliyefungwa nepi. Mabeseni yalijaa, ikabidi niende mbio kuazima mengine kwa Mwanajuma. Bibi aliletwa ameshikwa mkono, akayatazama mabeseni yale, akasema, "Alhamdulillahi," macho yamelowa. Baba alikuwa akiosha dau. Aliliosha, akaliosha tena, amewapa watu wote mgongo.

Harusi ilikuwa ya kusimuliwa, na imesimuliwa. Palikuwa na wali wa nazi, mchuzi wa chewa mzito wa ukwaju, vipande vya kukaanga vilivyorundikwa kama kuni, na mayai yaliyokaangwa kwa bizari, mekundu kwa pilipili, yaliyonukia mpaka barabara kuu. Bi Zuhura alikaa kwenye mkeka wa mbele na buibui lake la hariri. Alikula kimya. Bibi alikuwa akimchungulia kutoka jikoni huku ananiponda bega kwa kunishika. Bi Zuhura akamaliza, akaramba kidole kimoja baada ya kingine, akaita, "Mtoto, hebu niletee tena hayo mayai." Nikampelekea, nikarudi kwa Bibi, akanishika tena bega. Akala tena. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wanaume, "Wallahi, mwanangu ameoa kwa watu."

Bibi aliniachia bega akaketi chini. Nadhani angekufa siku ile angekufa na furaha.

Nilipomaliza kucheza nilimtafuta Baba. Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, anakula muhogo wa kuchemsha.

"Baba, hujala mayai! Yataisha!"

"Nimeshiba, mwanangu. Kale wewe."

Nikadhani analia kwa sababu ya Saumu, maana macho yake yalikuwa mekundu. Nikamkumbusha kwamba Malindi si mbali. Akacheka, akanikalisha gotini, akanimegea muhogo wake. Nao ulikuwa mtamu, nawaambieni kweli.

Mwaka uliofuata, bamvua lile lilipofika, madau yalijaa kwenye mlango wa mwamba. Waliokuja na mishipi waliteremsha mishipi, na waliokuja na nyavu walizungusha nyavu. Ami Bakari alikwenda nao. "Kaka, tusipochukua sisi, watachukua wao," alimwambia Baba, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akinung'unika, alikuwa anaomba. Baba hakumzuia. Alivaa kanzu yake safi akaenda bandarini wanakoshushia samaki, nami nikamfuata. Aliwakuta wavuvi wamejipumzisha, akawasalimu, akawaomba. Aliwaambia wawaache samaki hawa hadi watage, wiki mbili tatu tu, kisha wavue watakavyo. Hakupaza sauti.

Kijana mmoja alisimama. Alikuwa na adabu zake, akaanza kwa shikamoo, na Baba akaitikia marahaba.

"Mzee Ali, usinielewe vibaya," alisema. "Si hawa hawa tuliowala kwenye harusi ya binti yako? Nami nina dada nyumbani. Yeye aolewe na nini?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Baba alisimama pale na kanzu yake. Nilisubiri ajibu, nikijua kuwa baba yangu ana jibu. Alisema, "Kweli, mwanangu. Ni hao hao," akaniongoza kwa mkono tukarudi nyumbani. Niliona aibu njia nzima. Usiku sikutaka kumpa pole.

Mwaka wa pili alikwenda tena. Na wa tatu. Maneno yale yale, na kila mara alikuwepo mtu wa kumkumbusha harusi. Mimi sikumfuata tena; nilijificha kwa Mwanajuma mpaka apite. Chewa walioletwa ufuoni walikuwa wadogo zaidi, kisha wachache zaidi, na mwaka mmoja Ami Bakari alirudi na chambo chake kizima kwenye ndoana. Alikuja kwetu akakaa kwenye ngazi ya baraza. Mama alimpa chai. Alikunywa yote, akasema, "Kaka, shimo ni tupu. Nimeteremsha mshipi hadi chini, unapanda mtupu." Baba alikuja akakaa kando yake. Hawakugombana. Bibi, aliyekuwa amezeeka sana, aliuliza kutoka ndani kama wameleta mayai.

Miaka ilipita. Bibi alikufa, nami nikaolewa Kilifi. Watu wa Kuruwitu walipoamua kuifunga sehemu ya bahari yao ili samaki wapate nafasi ya kuzaana, Baba alikuwa mzee asiyekwenda tena majini. Nilikuwa nimemtembelea siku moja, na Saumu amekuja kutoka Malindi na watoto wake. Tukala, tukazungumza, na kama kawaida tukafika kwenye harusi. Saumu alicheka akasema Bi Zuhura alimsifia mayai yale mpaka siku ya kufa kwake, na kwamba hakuna mkwe aliyetendewa wema na mama mkwe kama yeye. "Yote kwa sababu ya karamu yako, Baba."

"Ilikuwa harusi nzuri," Baba alisema, akamtazama kwa furaha isiyo na doa.

Saumu alipokwenda kuwaogesha watoto, nilimwuliza kile nilichokuwa nimekibeba tangu siku za pengo la meno. Ungejua, Baba, kwamba watakufuata, ungekwenda?

"Nilijua," alisema. "Walikuwa wamesimama pale ufuoni, niliwaona kabla dau halijagusa mchanga. Hata tulipokuwa tunavua nilijua."

Utotoni niliamini kwamba baba yangu alishindwa na swali la yule kijana, ndiyo maana nilijificha. Kumbe alikwenda bandarini kila mwaka akijua ataulizwa swali lile, na akijua kwamba wanaouliza wana haki. Alikwenda hivyo hivyo, na kanzu yake imepigwa pasi, kuwaombea samaki ambao yeye ndiye aliyewafichua. Mtu mwingine angekaa nyumbani.

"Na Saumu hukumwambia?"

"Nimwambie nini?" Baba alisema. "Harusi ni yake. Deni ni langu." Kisha akaniomba nimsaidie kuinuka, maana kutoka bafuni wajukuu walikuwa wakimwita.