Picha ya Bwana Stesheni Akiosha Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kamera. Nilipewa kitana. Katika studio ile ya Ng'ambo, hapa Tabora, kazi yangu ilikuwa kuwachana wateja nywele, kuwafunga vifungo na kuwasimamisha mbele ya pazia lililochorwa maua. Mwenye studio, tuliyemwita Bosi, alinipa sheria moja: "Mtu akicheka, ngoja amalize." Kosa la kucheka sijalielewa mpaka leo.

Nilikaa miaka miwili kwenye chumba cha giza nikijifunza kusafisha picha, yaani kuloweka mkanda na karatasi kwenye dawa hadi sura zitokee. Kisha Bosi akanipeleka Kaliua kufungua tawi. Huko nikakutana na Bi Yustina, mke wa mkuu wa stesheni. Alikuwa na kamera yake ndogo, na mikanda aliniletea mimi nimsafishie. Picha zake zilinikera. Mumewe anaosha miguu kwenye beseni, suruali ameikunja magotini. Binti yake analia, nywele zimesukwa nusu. Mama mkwe anachambua maharage, mdomo wazi.

"Mama, unaharibu mkanda," nilimwambia. "Hakuna hata mmoja anayetazama kamera."

"Wakitazama wanasimama kama wanakaguliwa," akajibu. "Hao mimi siwajui. Nisafishie tu, baba."

Nilimsafishia huku nikinung'unika.

Mwaka uliofuata mumewe aliugua ghafla, akafariki. Kaka wa marehemu aliagiza picha ya kuweka mbele ya jeneza, ile ya sare na kofia niliyoipiga studio. Niliikuza, nikaipeleka msibani nikijivuna. Binti yule, wa miaka minne hivi, akaitazama, kisha akamwuliza mama yake, "Huyu nani?"

Bi Yustina akanivuta pembeni. "Nikuzie ile ya beseni. Mazishi ni kesho."

Kaka wa marehemu alisikia. "Shemeji, unataka kumwaibisha? Mkuu wa stesheni mzima, miguu kwenye beseni?"

Bosi naye alikuwa amekuja kuhani. Akaniambia taratibu, "Ukiikuza hiyo, tawi hili si lako tena."

Nilikasirika kuliko nilivyopata kukasirika kazini. Mtoto hamtambui baba yake kwa sababu ya ufundi wangu, na mimi naambiwa nilinde ufundi huo. Nikaikuza. Asubuhi tulipoiweka, mtoto aliketi mbele yake, akaanza kumweleza baba yake habari za kuku waliotaga. Kaka wa marehemu alisimama akimsikiliza, kisha akaketi chini karibu naye.

Tawi nilinyang'anywa kweli. Nikaajiriwa na chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, nikazunguka Urambo na Ulyankulu kwa baiskeli nikiwapiga picha. Nako nilichoshwa. Katibu wa chama alizirudisha picha zangu: "Nataka mkulima na robota lake la tumbaku. Huyu anatolewa mwiba na mkewe, wa nini?" Wakulima wenyewe walinichosha zaidi. Nikiwaomba waendelee kupepeta mahindi, wanakimbilia ndani kuvaa nguo za kanisani. Miaka thelathini nimebishana na watu wasiotaka kuonekana wakiishi. Ninyi vijana wenye simu ndio msiniambie kitu: picha mia kwa siku, zote sura zenu, na hakuna hata moja ya mama yenu akimenya viazi.

Nilipostaafu nilifungua sanduku langu kutafuta picha za nyumba yangu mwenyewe, hapa mtaa wa Gongoni, Tabora. Nilikuta mke wangu amesimama wima, mwaka baada ya mwaka, kama anasubiri wimbo wa taifa. Aliyempanga hivyo ni mimi.

Nikachukua kamera, nikamfuata uani alikokuwa anachekecha unga. "Endelea hivyo hivyo," nikamwambia.

"Ngoja nivae kitenge kipya."

"Usivae."

"Watu waseme hunivishi? Mzee, una akili kweli?" Akaninyooshea chekecheo, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikapiga.

Nimeitundika sebuleni. Wageni wakibisha hodi, anaigeuzia ukutani. Wakiondoka, naigeuza tena.