Moto Ulioteketeza Kakao ya Kambere

Kakule alikuja kutoka Beni na mbuzi, akamfunga kando ya jiko la yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, Kambere, pale Butembo. Jioni jamaa wangekula nyama. Katika ukoo wao, ukishakula mbuzi wa shamba, shamba limekwenda kwa aliyemleta mbuzi, hakuna kurudi nyuma.

Lilikuwa shamba la kakao, upande wa Eringeti, jasho la maisha yote ya Kambere. Vita vya waasi vilipowafukuza, yeye na mke wake Godelive walifika Butembo na nguo za mwilini tu. Mwaka uliofuata Kakule akapiga simu analia: "Yaya, moto imekula kakao yote. Imebakia majivu." Kambere akaamini. Na ninyi msimcheke! Mtoto wa mama yako akikulilia kwenye simu, utamwomba shahidi? Tangu hapo alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, akabeba makaa ya watu, na neno kakao hakutaka kulisikia. Sasa Kakule aliomba ule udongo uliokufa, ajaribu muhogo. Haya, achukue.

Mchana ule Michée, mwalimu wa jiografia kutoka Kasai, mpangaji wao, alikaa uani na kompyuta anatayarisha somo. Alikuwa amefungua ramani ya mtandaoni inayoonyesha mioto yote iliyoonwa na satelaiti miaka na miaka: kila moto, nukta nyekundu.

"Papa Kambere, hii moto ya kwenye mulima ya eucalyptus, unaikumbuka?"

Kambere aliinama. Ayi! Palepale, mwezi uleule, ule moto uliomfanya atupe chukudu barabarani akimbie. Alicheka kwa mshangao, kisha kicheko kikamkatika.

"Mwalimu, nionyeshe ya kwangu. Kule Eringeti. Nataka niiage."

Akaelekeza kwa kidole: barabara, mto, kanisa, hapa. Mwaka ule hapakuwa na nukta. Uliotangulia, hapana. Uliofuata, hapana.

"Mais, lakini tungoje," alisema Michée. "Mawingu inaweza kuficha moto. Tuangalie picha yenyewe."

Picha ilikuwa ya mwaka jana. Miti imejaa, kijani tupu, mstari kwa mstari. Katikati paa jipya la manjanja, mabati yanayong'aa, na mbele yake uwanja mpana umeanikwa kitu cha rangi ya kahawia. Kambere hakuhitaji kuambiwa kuwa ni kakao. Alishika meza. Mama yangu! Miaka yote ile amelia matanga ya kitu kizima!

Kakule alikuwa jikoni ananoa kisu, Godelive akichagua maharagwe.

"Kakule. Kakao yangu iko nzima. Nimeiona na macho yangu."

Kisu kikasimama. 

"Yaya, ningekuambia iko, ungerudia kule. Waasi bangekukata sawa vile balikata Manassé. Nilidanganya juu uishi."

Manassé alikuwa kaka yake Godelive. Walimzika wiki ileile waliyokimbia.

Kambere alitaka kuamini. Ee, alitaka kabisa! Machozi yalimjaa, mkono wake ukawa umekwisha kunyooka kumshika mdogo wake begani. Ndipo swali likamtoka lenyewe.

"Na weye? Weye unavunaka kule kila mwaka. Banakuachaka namna gani?"

Kakule akaanza tena kunoa kisu. Aliyepiga kelele ni Godelive: "Unavunaka pamoja na bale balikata ndugu yangu!"